Miaka yote ile sikuiona Bangkok

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, mzaliwa wa Tanga, na duka langu liko Kariakoo. Nimeombwa mara nyingi na wenzangu niwasimulie kilichonibadilisha, nami nikawa naona haya. Leo naandika, kwa sababu najua wako wanaopita njia niliyopita mimi, wengine huenda wako angani sasa hivi wakielekea huko huko.

Nilianza safari za Bangkok baada ya shangazi yangu kufariki na kuniachia duka, pamoja na madeni yake. Njia ni ile wanayoijua wengi wetu: Dar, Addis Ababa, kisha usiku mzima angani mpaka uwanja wa Suvarnabhumi. Pale sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunapita kwanza dawati la afya kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ndipo tunakwenda uhamiaji. Ukitoka nje unakutana na joto lenye unyevu, sawa na la Dar mwezi wa Februari. Teksi inakushusha Pratunam, mtaa wa nguo za jumla, chini ya jumba la Baiyoke lenye urefu wa mita 304, ambalo huwezi kulikosa ukipotea.

Nami sikupotea kamwe, maana sikwenda popote. Hoteli, maduka, ofisi ya kago, hoteli. Chakula nilikibeba kutoka nyumbani: mikate, samaki wa kopo na tambi za kuchemsha kwa birika la chumbani. Nilijiambia kwamba naogopa nguruwe, na kweli nilimwogopa, lakini zaidi nilikuwa nahesabu kila baht, fedha ya Thailand. Kule muuzaji anakuandikia bei kwenye kikokotoo, unafuta, unaandika yako, naye anafuta. Mimi nilikuwa nikishafika bei ninayoitaka nashusha tena. Akikataa naitupa nguo juu ya lundo na kuondoka bila kuaga. Jioni nikipiga simu nyumbani nasema nimewabana. Nilikuwa najisifu.

Lipo jambo moja la wakati ule ambalo mpaka leo likinijia nasema astaghfirullah. Mfalme wao Bhumibol alifariki tarehe 13 Oktoba 2016, baada ya kukaa kwenye kiti cha enzi miaka 70. Mimi nilifika wiki chache baadaye. Mji mzima umevaa nyeusi. Nguo nyeusi zilikuwa zimeadimika, watu wakawa wanazitia rangi nguo zao za zamani kwenye masufuria makubwa barabarani, na wengine waliwatilia wenzao bure. Wazee walikuwa wanalia hadharani wamekumbatia picha yake. Na mimi nikaudhika. Kila duka nikiingia ni nyeusi tupu, wakati wateja wangu Dar wanataka rangi za sikukuu. Nilipita katikati ya msiba wa watu mamilioni nikinung'unika juu ya mzigo.

Kila siku pia, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wimbo wao wa taifa hupigwa kwenye vituo vya treni na viwanja vya wazi, na watu husimama tuli, hata aliyekuwa anakimbilia treni. Mimi nilikuwa naendelea kusukuma toroli langu baina yao.

Nyumbani nilikuwa vile vile. Mbele ya duka langu alikaa kijana mmoja muuza soksi. Alitandika turubai lake asubuhi na kulikunja usiku, kwa miaka, na sikujua jina lake. Nilimwona kama kizuizi cha mlango. Walipopita mgambo nilikuwa wa kwanza kuwaonyesha alikokimbilia.

Basi jioni moja huko Pratunam nilikuwa napanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, nimejaza mabegi, mvua inaanza. Juu ya daraja alikaa bibi mmoja kila siku, akiuza makoja ya asumini. Toroli langu lilipiga beseni lake la alumini, likabingirika ngazi hadi chini na maua yote. Niligeuka, nikaona, nikaendelea. Nilikuwa nawahi ofisi ya kago isifungwe. Sikuliwaza tena jambo hilo.

Mwaka 2018, katika majira yao ya mvua, nilirudi. Siku ya pili niliamka na maumivu nyuma ya macho na viungo vyote. Nikameza dawa za kutuliza maumivu, nikatoka kwenda kununua, maana kila siku ya hoteli ni fedha. Pale juu ya daraja miguu ikaniishia. Nilikaa chini sakafuni, nikatapika mbele za watu, na watu walikuwa wanapita.

Mikono iliyonishika ilikuwa ya yule bibi. Aliniweka kwenye kigoda chake cha plastiki, akaninusisha kichupa cha mafuta ya karafuu na pepremende, akachovya kitambaa kwenye barafu ya kutunzia maua na kunifuta uso na shingo. Alinifungulia maji yake akaninywesha kidogo kidogo. Kisha alimwita kijana wa pikipiki, hawa bodaboda wao wanaovaa vizibao vya rangi ya chungwa, akamwelekeza. Kijana alinifikisha zahanati, akachukua nauli yake ya kawaida bila kuongeza hata baht moja. Damu ikapimwa: homa ya dengue, hii hii tunayoijua Dar. Daktari alinionya niache zile dawa nilizokuwa nazo, kwa sababu baadhi yake huzidisha hatari ya kutoka damu. Akasema nisipande ndege mpaka damu itengemae, na nirudi kupimwa kila siku.

Jioni ile mlango wa chumba changu uligongwa. Msichana wa mapokezi alisimama na bibi wa maua, na bibi amebeba uji wa wali kwenye mfuko. Nikaangalia uji, nikatikisa kichwa. Sikuwa na lugha ya kueleza. Bibi alinitazama, akanyoosha kidole kwenye mtandio wangu, akafikiri, kisha akaondoka na uji wake. Nikadhani nimemuudhi.

Baada ya saa nzima akarudi. Safari hii alikuwa na binti aliyevaa hijabu, na bakuli la uji wa kuku lililofungwa kwa plastiki nyembamba, na juu ya mfuko ile alama ya halali kwa Kiarabu. Bibi alikuwa ametembea kwenye mvua mpaka soi, yaani mtaa mdogo, ya 7 ya barabara ya Phetchaburi, ambako kuna msikiti na wauza vyakula Waislamu, akamtafuta mtu wa kunipikia. Yeye si Mwislamu. Alichokijua ni kwamba mwenye mtandio kama ule hali kila kitu. Miaka yote nilikuwa nasali peke yangu chumbani, nakula samaki wa kopo, na msikiti ulikuwa mwendo mfupi wa miguu kutoka mahali ninaponunua magauni.

Ule uji nilikula huku machozi yananitoka, na sitaficha kwamba yalikuwa ya aibu kuliko ya shukrani.

Waliniletea chakula kila jioni. Homa iliposhuka, nilishuka mwenyewe mpaka darajani nikiwa na fedha kwenye bahasha. Nikainama kumpa, na ndipo nikaliona beseni. Ubavu mmoja umebonyea, ukingo umepinda. Nilisimama pale nimeshika bahasha. Binti wa soi ya 7 alipofika nilimwomba, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, amuulize bibi kama ananikumbuka. Bibi alijibu kwa maneno machache bila kuinua macho kwenye kazi yake. Binti akasema, ndiyo, alikujua tangu ulipokaa chini. Kisha bibi akaniuliza yeye mwenyewe swali, na binti akanifasiria: ameuliza kama umeshakula.

Hakuna kingine kilichosemwa juu ya jambo lile. Hakunilaumu wala hakunidai. Kwenye bahasha alitoa bei ya uji na ya chupa ya maji, akanirudishia nyingine.

Daktari bado hakuniruhusu kusafiri, na nguvu za kununua sikuwa nazo. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa Bangkok bila kazi. Binti alinipeleka kuipanda boti ya mfereji wa Saen Saep, ambao gati lake lilikuwa pale pale Pratunam. Mfereji huu ulichimbwa kuanzia mwaka 1837, enzi za mfalme Rama wa Tatu, na leo boti ndefu zinawabeba wafanyakazi na wanafunzi kuzikwepa foleni za magari zisizosogea. Boti haisimami sawasawa, unaruka. Kondakta anatembea kwenye ukingo wa nje, kofia ngumu kichwani, anakusanya nauli ndogo huku maji meusi yanapita chini ya visigino vyake. Ikija boti nyingine, abiria wa pembeni huvuta kamba na pazia la turubai likapanda kuzuia maji. Nilikaa pembeni nisijue wajibu wangu. Mama mmoja mwenye kikapu aliupitisha mkono wake mbele yangu akanivutia kamba, na mara iliyofuata nikaivuta mwenyewe.

Tulishuka Ban Khrua. Wenyeji wake ni Waislamu wa kabila la Cham, ambao mababu zao walitoka Kambodia na kupewa ardhi ile na wafalme wa Siam kwa kuwa walipigana upande wao vitani. Ni nyumba za mbao zilizobanana, vichochoro vya upana wa mtu mmoja na nusu, paka, nguo zimeanikwa, redio. Humo ndimo ilimofumwa hariri ya Jim Thompson, yule Mmarekani aliyeifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha akatoweka huko Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba yake ng'ambo ya mfereji ni makumbusho yenye foleni ya watalii. Upande wa wafumaji zimebaki familia chache tu zenye vitanda vya mfumi. Mimi ninayeishi kwa kuuza nguo sikuwa nimewahi kumwona mtu akifuma. Mzee mmoja alinipisha nikae karibu, akaendelea kurusha kijiti cha uzi kulia na kushoto, na kila uzi ukikatika anasimama, anauunga kwa ncha za vidole, anaendelea. Nilikumbuka nguo nilizozitupa juu ya lundo.

Mchana ule walinilisha wali wa manjano wenye kuku, wenyewe wanauita khao mok. Vitunguu vya kukaanga juu, na mchuzi wa kijani wenye nanaa na ukali wa pilipili. Ni biriani, ndugu zangu. Nilikula kama niliyetoka kifungoni.

Usiku mmoja nikamwomba bibi anipeleke anakonunua maua. Tulikwenda Pak Khlong Talat, soko la maua lililo karibu na mto Chao Phraya, linalochangamka wakati mji umelala. Magunia ya maua ya manjano yaliyojaa mpaka mdomoni, matumba ya yungiyungi yamefungwa kumi kumi, waridi kutoka kaskazini, vijana wanakimbiza mikokoteni huku wanapiga kelele za kuomba njia. Asumini huuzwa ikiwa bado tumba, kwenye mifuko yenye barafu ili isifunguke. Niliingiza uso kwenye mfuko mmoja nikasikia harufu ya ua wa nyumba yetu Tanga, marehemu mama anafunga kikuba kwa asumini, mrehani na vilua. Harufu ile ilikuwa juu ya daraja siku zote nilizopita na toroli, na pua yangu haikuipokea.

Bibi alikuwa akiuza pembeni mwa barabara hapo hapo sokoni mpaka mwaka 2016, mamlaka ya jiji ilipowaondoa wachuuzi wa nje. Ndipo akahamia darajani. Alieleza bila uchungu. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu nilimkumbuka muuza soksi.

Tuliporudi kukikucha watawa wa Kibuda walikuwa wanapita miguu mitupu na mabakuli yao. Watu walivua viatu, wakapiga magoti pembeni mwa barabara, wakatia wali na mboga. Dini yao si yangu. Nilisimama kando kwa heshima. Lakini niliona jambo: anayetoa ndiye aliyekuwa anapiga magoti.

Siku hiyo bibi alinifundisha kutunga. Sindano yao ni ya chuma, ndefu mara mbili ya kiganja changu. Unaipaka vaselini ili maua yateleze. Matumba hupangwa kwa mduara, vikonyo ndani, mduara juu ya mduara, kila mmoja ukikaa kwenye mianya ya uliotangulia, mpaka sindano ijae. Ndipo unayashusha yote kwenye uzi kwa mvuto mmoja, pole pole, ukienda haraka vikonyo vinakatika. Makoja yale madereva huyaning'iniza kwenye kioo cha gari, wenye boti huyafunga kwenye omo, na siku ya mama, tarehe 12 Agosti, watoto huwapa mama zao asumini. Koja langu la kwanza lilikuwa limepinda. Bibi alilifumua lote, akanirudishia sindano.

Nilikaa nyuma ya beseni saa kadhaa, na kutoka chini pale nikauona mji kwa viatu. Viatu vya shule, vya ofisini, kandambili, magurudumu ya mabegi. Wengi hawakutazama chini. Akapita mwanamke anazungumza Kiswahili kwenye simu, lafudhi ya kwetu kabisa, analalamika kuhusu kilo za mzigo. Nilitaka kumwita dada. Sauti haikutoka. Alipita, nami nikamwangalia mgongo mpaka akashuka ngazi.

Nilirudi Dar nimepungua mwili na mzigo ni nusu. Asubuhi ya kwanza nilimuuliza muuza soksi jina lake. Alirudi nyuma hatua moja, akaanza kukunja turubai, alidhani namfukuza. Ilichukua wiki nyingi mpaka akaamini. Wala sikubadilika kwa siku moja. Madeni yalikuwepo, na dharau ilikuwa imeota mizizi kwangu. Mara nyingine nilimfokea, jioni nikamwomba radhi, kesho kutwa nikamfokea tena. Yeye ndiye alikuwa na subira. Alikuwa ananiambia, "Mama, leo umechoka," na kuendelea kupanga soksi zake. Hata huyo sikumstahili.

Kisha ikaja Oktoba 2021, machinga wakaondolewa Kariakoo kupelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Zamani niliiombea siku ile. Ilipofika, mlango wa duka langu ukawa mweupe mpaka barabarani, nami nikakosa raha. Usiku wa kuamkia siku hiyo mali ya yule kijana na ya wenzake wawili ililala stoo kwangu, hadi walipopata pa kukaa.

Janga la corona lilikuwa limezifunga safari. Nilipopata kurudi Bangkok, mwaka 2022, nilitoka uwanjani moja kwa moja mpaka darajani na vikuba vya asumini ya Tanga vilivyokauka ndani ya kitambaa. Bibi hakuwepo. Binti wa soi ya 7 alisema wakati wa corona wateja waliisha, bibi akarudi kwao Isan, mikoa ya kaskazini mashariki, kwa wajukuu. Namba ya simu hakuacha. Vikuba nilimwachia binti. Namwombea bibi kila baada ya sala, na nimeridhika kwamba deni hili sitalilipa.

Bado naenda. Sasa mzigo wa soksi na mikanda wa yule kijana husafiri ndani ya mzigo wangu, naye hulipa kilo zake. Nanunua kwa bei nzuri bado, hiyo ndiyo kazi, lakini nguo naikunja na kuirudisha mahali pake, na naaga. Na wewe ukiniona kwenye lile dawati la kadi ya njano, mama mnene mwenye mtandio wa kahawia, niite. Mabegi tutayaacha hotelini, twende kwa miguu mpaka soi ya 7 tukale khao mok, mimi ndiye nitakayelipa.